Mwaka Niliomfundisha Ngoi Kungoja

Siku mama yake alipokosa kurudi, Ngoi hakulia. Mtoto huyu alikuwa amelia wiki sita kwa ajili ya mama aliyekuwa hapohapo, hata alipohamia nje ya dirisha, hatua nne kutoka kwake. Lakini siku mama hakuwepo kweli, wala dirishani wala sokoni wala ufukweni, Ngoi alikaa kwenye kizingiti cha mlango mpaka jua likashuka juu ya ziwa, ametulia kama mtu mzima anayesubiri zamu yake zahanati, na alipopewa chakula alikula. Alinyamaza kwa sababu mimi nilimfundisha kunyamaza. Nilikuwa na miaka ishirini. Kutuliza watoto wapya ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza, na kwa Ngoi niliifanya vizuri kuliko kwa mtoto yeyote aliyenipitia tangu hapo.

Haya yote yalinirudia mwezi uliopita, kwenye msiba wa Madamu Chola, aliyekuwa mkuu wa nasare ile, shule ya watoto wadogo nilikoifanya kazi hiyo. Tulikuwa nyuma ya nyumba yake pale Kashikishi, wanawake kama ishirini kwenye mikeka, tunachambua matembele ya waombolezaji. Pembeni yangu alikaa Bana Chanda, ambaye mwanawe alikuwa mmoja wa watoto wetu mwaka ule na sasa ni mwanamume mwenye ndevu aliyekuwa akipanga viti mbele ya nyumba. Bana Chanda alikuwa anasema habari za bei ya mkaa, kisha bila kubadili sauti akaniuliza, "Na ule mutoto wenu wa kidole, aliishiaka wapi?" Wanawake wawili waliinua vichwa. Mmoja akaomba apewe kisu, mazungumzo yakarudi kwenye mkaa, na mimi nikaendelea kuchambua majani yaleyale niliyokwisha kuyachambua.

Nasare yenyewe ilikuwa chumba kimoja, ukumbi wa kanisa uliokopeshwa kwetu kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Asubuhi mimi na Madamu Chola tulisukuma mabenchi ukutani, tukatandika mikeka, tukaning'iniza kwenye misumari vikombe vya plastiki. Madirisha yalikuwa na nondo bila vioo, kwa hiyo harufu ya chisense, wale samaki wadogo wanaoanikwa mchangani, ilikuwa ndani pamoja nasi siku nzima. Mpaka leo nikiinusa huwa nasikia na sauti za watoto. Mama wa Kizambia waliiita nasare, mama wa Kongo waliiita gardieni, na watoto walikuwa nusu kwa nusu. Madamu Chola alikuwa na Kibemba kizuri na Kiswahili cha kununulia samaki. Mimi nilichukuliwa kwa sababu Kiswahili changu kilitosha kumbembeleza mtoto. Niliandika vizuri pia, nikapewa daftari la watoto, na nilitumia rula kwa kila safu.

Kuhusu daftari hilo lazima niseme jambo moja, maana ndipo kosa langu lilipo. Kulikuwa na safu ya jina la mtoto, safu ya umri, na safu ya mzazi. Kwetu mwanamke akishazaa, jina alilopewa utotoni hupumzishwa. Wabemba watamwita Bana Chanda, yaani mama wa Chanda, Wakongo watamwita Mama Kisimba, na kumtaja mama mzima kwa jina lake mwenyewe, tena msichana asiyezaa ndiye anayetaja, ni kama kumvuta kitambaa cha kichwani mbele za watu. Kwa hiyo katika safu ya mzazi niliandika Bana Chanda, Mama Kisimba, Bana Mwape, na kuendelea, mstari baada ya mstari, na hakuna aliyeona kasoro. Madamu Chola aliikagua kila Ijumaa. Aliisifu. Alisema inaonyesha kwamba nimelelewa.

Mama Ngoi alikuja mwezi wa pili, mvua zikiwa bado zinanyesha, na mtoto mgongoni ingawa mtoto alikuwa na umri wa kutembea. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye kicheko kilichomtangulia mlangoni. Alinitazama mimi na daftari langu, akaniambia, "Madamu mudogo, andika muzuri. Huyu anaitwa Ngoi, mutoto mwanamuke, miaka tatu na kitu. Miye niko natafuta chisense ku boti, na yeye maji haimupendi. Kila mara akipanda boti anatapika mufano wa mulevi." Nikamuuliza jina la mzazi. "Andika Mama Ngoi," alisema. "Njo vile banaita miye, hapa na ngambo." Nikaandika. Kalamu yangu ilisita kidogo, nakumbuka, kwa sababu safu ile ilikuwa na nafasi ya maneno mawili zaidi. Kisha nikaona haya, nikafunga daftari. Habari za baba wa mtoto hakuna aliyeziuliza.

Madamu Chola hakukubali mama watoroke. Kwenye nasare nyingine za ukanda ule mama alimshusha mtoto, akasubiri ageuze uso, akakimbia. Mtoto akigeuka mama hayupo, analia mpaka anachoka, na watu husema amezoea. Madamu alisema mtoto wa namna hiyo amekata tamaa tu. Kwake mama aliondoka kwa hatua. Wiki ya kwanza alikaa mkekani na mtoto. Ya pili alikaa mlangoni. Ya tatu alikaa nje, chini ya dirisha, ambapo mtoto akisimama juu ya benchi anaweza kuona kitambaa cha kichwa chake. Wengi walimaliza hapo. Ngoi hakumaliza. Alilia mkekani mama akiwepo, kwa kuwa alijua mwisho wa kukaa huko ni nini. Alilia mlangoni, alilia kwenye benchi akiwa ameshika nondo za dirisha kwa mikono miwili, na nje Mama Ngoi alikaa na beseni tupu, samaki wa asubuhi wakiwa wamekwisha kununuliwa na wengine. "Madamu mudogo," aliniambia wiki ya tano, na safari hii hakucheka, "huyu mutoto anakula chisense yangu yote kwa kulia."

Ndipo nikabuni vidole. Nilimfundisha Ngoi kwamba siku ina mambo matano. Kidole kidogo ni nyimbo, kinachofuata ni uji wa karanga, cha kati ni kucheza nje, cha shahada ni bukari, chakula cha mchana ambacho Wazambia huita nshima. Gumba ni mama. Kila jambo likipita tunakunja kidole chake. Gumba sisi hatukunji. Gumba anakunja mama mwenyewe akija. Siku ya kwanza alinitazama kama mtu anayeuziwa kitu kibovu. Siku ya tatu alianza kunikumbusha. Mama Ngoi alipofika baada ya bukari, mtoto alimnyoshea gumba kutoka mbali, na yule mama alilishika, akajifanya analitafuna na kulimeza, kisha akalikunja. Mwisho wa wiki ya sita Ngoi aliingia asubuhi kwa miguu yake, akatundika kikombe chake kwenye msumari, akakaa. Ukumbini kukawa kimya. Madamu Chola alitoka kwenye jiko la nyuma ya ukumbi, mwiko mkononi, kuangalia kama kuna kilichoharibika.

Miezi iliyofuata ilikuwa mizuri, na naiandika kwa shida. Mama waliokuja kuchukua watoto walikaa kidogo kwenye ngazi za ukumbi, na mimi nilisafisha sahani polepole ili niwasikilize. Walisema habari za waume, za upepo, za nani ameuza samaki wa juzi kwa bei ya leo. Mama Ngoi aliniandama kila siku. "Ba mama, muangalie huyu madamu mudogo. Anajua kunyamazisha batoto ya bantu. Ya kwake anaziwacha wapi?" Bana Chanda akamjibu, "Anangoja umutafutie mume ku Kongo." "Ku Kongo baume iko," alisema Mama Ngoi, "lakini nao wanalia. Atakuwa na kazi mbili." Nilicheka na sahani mkononi. Nilimpenda sana mwanamke yule, na bado sikujua jina lake.

Mwezi wa saba alinivuta pembeni. Chisense wanaoshushwa ufukweni, aliokuwa akinunua mpaka hapo, walikuwa wamepitia mikono mitatu. Kule kisiwani Chisenga, kwenye kambi za wavuvi, unanunua kwa mwenye wavu. Boti iliondoka alfajiri na kurudi adhuhuri, siku nyingine alasiri. "Sasa niambie kweli," alisema. "Naweza kwenda Chisenga, ao atanza tena kulia?" Nilijivuna. Nilimwambia, "Nenda, mama. Ngoi amezoea. Hata ukichelewa, anajua kungoja." Akanishika bega akaenda, na alipokwenda mara ya kwanza alirudi na samaki wengi mpaka alinipa sahani nzima bure. Alikwenda mara ya pili, ya tatu. Nafikiri alikwenda mara tisa au kumi. Kila mara gumba lilikunjwa, wakati mwingine kwa kuchelewa, na mtoto alingoja.

Siku yenyewe ilikuwa na upepo tangu uji. Tulifunga mlango wa upande wa ziwa kwa kuwa vumbi lilikuwa linaingia kwenye vikombe. Watoto walicheza ndani. Walikula bukari na samaki, nikakunja kidole cha shahada, mama wengine wakaja, wakaondoka, na kufika alasiri alibaki Ngoi peke yake. Nilimwambia mama amechelewa. Akaniambia, "Najua," na akakaa kwenye kizingiti, mkono umefungwa, gumba limesimama. Nilifagia ukumbi. Nilipanga mabenchi ya ibada ingawa haikuwa siku ya ibada. Nilipotoka alikuwa vilevile. "Bado kidole moya," aliniambia, kwa sauti ya kunituliza, sauti ambayo ilikuwa yangu. Madamu Chola alikuja akasimama nyuma yangu. Jioni alimpeleka nyumbani kwake, nyuma ya kanisa, na mtoto akaenda bila neno.

Asubuhi yake nilikwenda ufukweni. Kulikuwa na karani pale wanaposhuka abiria, mtu mwenye kofia ya sufu na daftari, aliyeandika wanaopanda na kushuka. Watu walikuwa wamemzunguka. Kutokana na maneno yao nilipanga habari hivi: boti mbili ziliondoka Chisenga pamoja, ya kwanza ilisukumwa na upepo mpaka Kabuta, abiria wake wakarudi kwa baiskeli, ya pili iliingia maji katikati ya ziwa, na boti nyingine iliyokuwa inakwenda upande wa Kongo iliokota baadhi ya watu wake na kuendelea nao, maana upepo haukuruhusu kugeuka. Waliookotwa ni wangapi, kila mmoja alikuwa na idadi yake. Ni akina nani, hakuna aliyejua. Lakini majina ya waliopanda boti ile ya pili yalikuwepo; mwenzake karani aliyeko kisiwani alikuwa ameyasoma kwa simu.

Zamu yangu ilipofika karani aliuliza, "Nani?"

"Mama Ngoi."

Alishusha kidole kwenye karatasi, akapandisha, akanitazama. "Jina."

"Ndiyo jina. Mama Ngoi, anauza chisense."

"Madamu, kila mwanamuke ile ulikuta hapa ni mama ya mutu. Nipe jina yake."

Nyuma yangu mtu alicheka, si kwa ubaya. Nilimwomba anisomee wanawake waliomo. Walikuwa wanne: Feza, Bupe, Veronika, na Mado. Aliyasoma mara mbili, taratibu, kama vile nikiyasikia vizuri nitalitambua moja. Nilirudi na majina manne kwenye karatasi, nikaenda kwenye nyumba aliyopanga chumba pamoja na wanawake wengine wa biashara. Walimjua kwa kicheko, kwa deni la sabuni, kwa namna alivyokunja mkeka. Wote walimwita Mama Ngoi. Mwenye nyumba alinionyesha simu yake. Alikuwa amemwandika Mama Ngoi Chisense. Tulipiga namba ile mara nyingi na haikupatikana. Mmoja wa wanawake alisema anafikiri aliwahi kusikia jina la Kizungu, lenye mlio wa mwisho mrefu. Alijaribu kulikumbuka mbele yangu, amefumba macho, midomo inacheza. Halikuja.

Nilikwenda pia kwenye ofisi moja mjini Nchelenge, na ninachokumbuka ni kwamba mtu aliyenipokea alikuwa mwema. Alinipa kiti. Alisema anaweza kuuliza ng'ambo, wana njia ya kuuliza, ila fomu yake inaanza na jina la anayetafutwa. Nilimwonyesha daftari langu. Aligeuza kurasa na kutazama safu yangu ya wazazi iliyonyooka, Bana huyu, Mama yule, ukurasa mzima, na akalifunga kwa uangalifu, akanirudishia kwa mikono miwili.

Siku kumi na mbili Ngoi alikaa nasi hivyo. Asubuhi alitundika kikombe. Aliimba. Alikunywa uji, akanyosha kidole kikunjwe. Watoto wengine waliposukumana kwenye foleni yeye aliwapisha. Mtoto mpya aliletwa wiki ile, akawa analia dirishani, na Ngoi akamfuata, akamshika mkono na kuanza kumfundisha vidole. Siku ya nane Madamu Chola, ambaye hakuwa mtu wa kuvunja taratibu zake, alimpakata baada ya bukari na kujaribu kulikunja gumba lile yeye mwenyewe. Ngoi hakulia wala hakukasirika. Alilisimamisha tena, akamweleza Madamu kwa Kibemba chake kidogo kwamba hilo si lake kulikunja. Madamu alimshusha, akaenda jikoni, akakaa huko muda mrefu na sufuria ambazo tayari zilikuwa safi.

Siku ya kumi na mbili, boti ya kutoka Kongo ilimleta mwanamke. Alikuwa mnene kidogo, mwenye gauni la heshima na viatu mkononi kwa sababu ya mchanga. Alisimama mlangoni mwa ukumbi akasema, "Odi. Nilisikia mutoto ya mudogo yangu iko hapa." Madamu Chola aliniita nitafsiri, akamwita na pasta wa kanisa, na Bana Chanda aliyekuwa amekuja mapema alibaki kwa kuwa hakuna aliyemwambia aondoke. Mwanamke alisema ni dada mkubwa wa Mama Ngoi, tumbo moja. Anauza chumvi sokoni Kilwa, ile Kilwa ya Kongo, karibu na bandari. Habari za mtoto alizipata kwa wafanyabiashara wa samaki. Habari za mdogo wake hakuwa nazo.

Mimi niliuliza lile ambalo ningepaswa kuuliza mwezi wa pili. "Mdogo wako anaitwa nani?"

"Kapinga," alisema papo hapo. "Kapinga Astride."

Nilikuwa na karatasi ya karani mfukoni. Feza, Bupe, Veronika, Mado. Niliitoa hata hivyo nikaisoma. Niliwaeleza kwa utaratibu, kwa Kibemba na kwa Kiswahili, kwamba hapa kuna mambo matatu. Labda mwanamke huyu anasema kweli, na Mama Ngoi hakupanda ile boti ya pili kabisa. Labda anasema kweli, na Mama Ngoi alijitaja kwa jina jingine. Karani alikuwa ameniambia kwamba mutu asiye na karatasi anatoa jina ile inakuya ku mudomo. Labda hasemi kweli. Pasta aliniuliza ni lipi kati ya hayo. Nilisema sijui. Alinitazama kana kwamba mtu anayeweza kuhesabu mambo matatu hivyo ni lazima ajue.

Madamu Chola alimleta Ngoi. "Unamujua huyu mama?" Mtoto alitazama, hakujibu. "Aliniona akiwa mutoto ya mugongo," alisema mwanamke. "Atanijua wapi?" Ilikuwa kweli, au ingeweza kuwa. Alisema mtoto anatapika kwenye boti. Jambo hilo Mama Ngoi alilitangaza kwa ufukwe mzima. Nilimtafuta Mama Ngoi katika uso ule, kwenye paji, kwenye mdomo, na kuna wakati nilimwona na kuna wakati alipotea. Hakucheka hata mara moja, kwa hiyo kicheko sikuweza kukilinganisha. Ngoi alimnyoshea gumba. Mwanamke akalishika, akalitikisa kama anayesalimiana na mtu mzima, akasema, "Eh, huyu ana adabu." Hakulikunja, nikaona hapo nimemkamata, kisha nikajisahihisha: mchezo ule ni wa chumba hiki, nilibuni mimi, dada aliyeko ng'ambo angeujua kwa njia gani?

Boti ilikuwa inarudi adhuhuri. Pasta alisema mtoto hawezi kukaa kanisani kama kiti. Ndugu amekuja, amevuka maji, hajaomba kitu. Bana Chanda alisema, "Na kama si ndugu?" Mwanamke akamgeukia. "Mama, wewe nani alikuuliza karatasi ulipozaa? Nyinyi mulimuweka mudogo yangu ndani ya buku miezi yote na jina yake hamujui. Miye ninajua. Sasa miye njo mwivi?" Hakupandisha sauti. Madamu Chola alinitazama, akaniuliza kwa upole, kwa neno la heshima la Kibemba, "Wewe mukwai unasemaje? Wewe ndiye unayemjua mtoto." Nilikuwa na muda wa kujibu. Nilisema tena kwamba sijui, na hilo ndilo jambo la pekee nililosema siku ile ambalo lilibeba uzito, kwa sababu baada yake pasta alisimama.

Mwanamke alinyosha mkono. Siku za kwanza za mwaka, kabla ya vidole, kulikuwa na somo dogo nililorudia mpaka sauti ikakauka: mgeni akija vizuri, mpe mkono, tembea naye, mama atakukuta. Ngoi alimpa mkono. Walishuka ngazi za ukumbi. Sikuwafuata ufukweni, Madamu alikwenda, mimi nilibaki na watoto wengine, ilikuwa saa ya bukari. Niliwaona kupitia nondo za dirisha, mtoto akitembea kwa hatua ndefu ili alingane na mtu mzima, na nikamsikia mama mmoja nje akimwambia mwenzake kwa kusifu, "Hakulia hata. Balimufundisha muzuri."

Leo nina nasare yangu mwenyewe, vyumba viwili, upande wa Kabuta, na nauliza majina. Jina la mama, alilopewa na wazazi wake, lote, na jina la dada yake, na la mtu mmoja ng'ambo. Bibi mmoja aliondoka na mjukuu wake kwa sababu hiyo, alisema simheshimu. Madamu Chola naye hakupenda. Tulikorofishana juu ya hilo miaka michache kabla hajazeeka sana, na alinijibu kwamba kosa halikuwa la daftari, lilikuwa la upepo, na kwamba mimi nalipenda kosa la daftari kwa vile kosa hilo naweza kulisahihisha. Huenda alikuwa sawa. Vidole sijavitumia tena. Watoto wangu hulia muda mrefu kuliko wa nasare nyingine na mimi huwaacha, nikiwa karibu, na mama wengine hunung'unika kwamba sijui kazi.

Mwaka ule ulipokuwa unaisha nilimwomba Baba Kisimba, aliyekuwa akivusha samaki na sabuni, apite soko la Kilwa amtafute muuza chumvi wa namna hiyo. Alikwenda mara mbili bila kupata nafasi. Mara ya tatu alikuja moja kwa moja kutoka botini, suruali imelowa mpaka magotini, akakaa kwenye ngazi za ukumbi, akaomba maji.

"Nilimuona," alisema. "Iko sawa vile ulisema. Meza ya chumvi, karibu na bandari. Na mutoto mwanamuke iko, anachezea chini ya meza."

"Ni Ngoi?"

"Madamu, batoto ya ule umri banafanana. Na walishamunyoa nywele." Alikunywa maji, akafikiri, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki na hakutaka kuongeza wala kupunguza. "Nilisimama pembeni nikaita, Ngoi. Mutoto hakugeuka. Yule mama njo aligeuka. Aliniangalia muda. Kisha akaanza kufunga chumvi yake yote, soko ikiwa bado imejaa."